Taja Babu Yako kwa Pumzi Moja

Nimeinuka kitini mara tatu kabla ya kuumaliza mstari huu wa kwanza. Mara ya kwanza nilikwenda dirishani kunusa. Mara ya pili nilikwenda mlangoni kunusa tena, kwa sababu dirisha langu linatazama mkono wa bahari na mlango unatazama bara, na moshi wa siku hizi unatoka bara. Mara ya tatu sijui nilifuata nini. Nilijikuta jikoni na kalamu mkononi, nimeegemea ukuta nipumzishe magoti. Kwa hiyo nisameheni mkiona maneno yangu yanaruka huku na huku, maana mwenyewe ndivyo nilivyo.

Mliponiomba niwaandikie machache juu ya kazi, nyinyi wauguzi wapya pamoja na nyinyi mnaojitolea kupita nyumba hadi nyumba, nilidhani mwataka hotuba. Hotuba sina. Jina langu ni Mwanahamisi, nilikuwa muuguzi katika zahanati moja ndogo huku Changamwe kwa miaka thelathini na ushei, na sasa nimestaafu, niko Jomvu Kuu katika nyumba aliyotuachia baba, mimi na dada yangu Mwanamkuu. Mtaji wangu ni pua na makosa. Pua siwezi kuwaachia, lakini makosa nawapa yote, chagueni.

Tena leo si siku ya kungoja. Tangu juzi nyika inaungua huko juu vilimani. Mtu alitia moto kusafisha shamba lake, nyasi kavu, jua kali, upepo ukamnyang'anya moto wake na kwenda nao. Kila alfajiri upepo wa nchi kavu unauteremsha moshi mpaka kwetu, unalala juu ya mabati ya mtaa wa Chaani na juu ya maji, na hauondoki mpaka upepo wa bahari uamke baada ya adhuhuri. Siku tatu hizi nimekuwa nikipanda Chaani kugonga milango ya watu wenye pumu niliowajua tangu wakiwa watoto. Binti mmoja wa kwenu aliniambia, "Bibi, si umestaafu?" Nikamwambia ndiyo, lakini moshi haujaletewa barua yangu ya kustaafu.

Basi sikilizeni.

Jambo la kwanza mtakaloambiwa na watu wa Changamwe ni kwamba wao moshi wameuzoea. Watakwambia wamekulia chini ya malori, viwanda na vumbi la saruji, sasa moshi wa nyasi ni kitu gani? Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo nilipokuwa na umri wenu. Pua ndiyo inayozoea, wanangu. Kifua hakizoei. Ule moshi mnaouona kwa macho, wenye majivu yanayoanguka juu ya nguo zilizoanikwa, huo ni wa kuwasha koo na macho tu. Wenye hatari ni ule mwembamba usioonekana, unaopita puani bila kuaga ukashuka mpaka chini kabisa ya mapafu, na ukishafika huko haukoholeki. Mwenye pumu hubanwa. Mwenye moyo mbovu hushikwa na maumivu akadhani amelala vibaya. Mjamzito, mzee, mtoto mchanga, hao wote hawana nafasi ya kucheza nao. Na wengi hawaji siku ile ya moshi. Wanakuja siku ya pili na ya tatu, hewa ikiwa imeshatakata, wakisema ni mafua.

Aliyenifundisha kuwatambua alikuwa Sista Nekesa, mkuu wetu wa zahanati. Alitoka Bungoma, mwanamke mkubwa wa mwili, mpole wa mwendo, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wa pwani tubane midomo. Nilimcheka moyoni kwa miezi mitatu hivi, kisha nikaona haya.

Ilikuwa siku ya moshi kama huu. Benchi limejaa mpaka watu wamekaa chini. Palikuwa na bwana mmoja akikohoa kikohozi cha kutikisa madirisha, kila mtu amempisha, na mimi nikamkimbilia na sahani ya dawa. Sista Nekesa alitoka chumbani, akampita yule bwana, akanipita mimi, akaenda pembeni kabisa alikokuwa mama mmoja amekaa kimya, mikono juu ya magoti, shingo imekaza.

"Mama, jina?"

"Kadzo."

"Jina ya baba?"

Yule mama alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akavuta pumzi fupi, akavuta nyingine, na jina la baba yake halikutoka. Sista alimshika mkono akamwingiza ndani, na gari la wagonjwa likaitwa. Bwana wa kikohozi alikunywa maji ya uvuguvugu, akaenda zake kazini.

"Sista Mwanahamisi," aliniambia baadaye akiosha mikono, "wewe unasikiza kikohozi. Kikohozi inadanganya. Sikiza maneno. Mtu mwenye hana hewa hana maneno."

Toka siku ile nikawa na swali langu. Taja jina lako, la baba na la babu, kwa pumzi moja. Anayefika kwa babu anaweza kungoja zamu. Anayekomea kwa baba, msimngojeshe. Anayeishia kwenye jina lake mwenyewe, wekeni kalamu chini mkimbie naye. Mtoto mdogo hana majina ya kutaja, huyo mvueni shati mtazame mbavu zinavyoingia ndani na mabawa ya pua yanavyopepea. Na kifua kilichokuwa kikipiga filimbi kikanyamaza ghafla, msiseme alhamdulillahi amepona. Hapo ndipo pa kuogopa.

Swali lenyewe lilikuwa na vituko vyake. Wazee wa Jomvu ukiwauliza babu hawasimami kwa babu. Mmoja alianza na baba yake, akapanda ukoo mzima mpaka akavuka bahari akafika Hadhramaut, na alipomaliza nikamwambia, "Mzee wangu, kifua chako ni kizima kuliko changu, nenda nyumbani." Vijana wa malori nao wengi wana majina mawili tu. Mmoja aliniambia, "Babu simjui, Sista. Niweke jina ya bosi?" Nikamwambia weka hata ya ng'ombe, mradi uiseme bila kukata.

Hao hao vijana wa malori ndio walionifundisha habari ya maziwa, au tuseme ndio walionionyesha ujinga wangu. Palikuwa na moto wa nyasi karibu na reli, wakatoka wakaupiga kwa matawi mabichi mpaka ukazima, wakaja zahanati macho mekundu, kila mmoja na pakiti yake ya maziwa.

"Tuko sawa, Sista. Maziwa inashusha moshi."

"Inaushusha wapi?"

"Chini."

"Chini wapi? Maziwa yanakwenda tumboni na moshi umekwenda kifuani. Watakutana wapi hao?"

Wakacheka, nami nikacheka nao. Sikuwaambia kwamba kabatini mwangu, nyuma ya bandeji, nilikuwa na pakiti yangu. Kila siku ya moshi nilikunywa maziwa jioni, kwa sababu mama yetu alitunywesha, na mama yake alimnywesha. Mkiwa na njaa, kunyweni, maziwa ni chakula. Lakini mtu asirudi motoni kwa kuyategemea. Na leso iliyoloweshwa maji ikafungwa puani, ambayo nimeigawa mimi mwenyewe kwa mikono yangu, inazuia majivu basi. Ule moshi mwembamba unapita kwenye kitambaa kama mgeni aliyealikwa. Zile barakoa nene zinazobana pua, tulizozijua vizuri wakati wa Korona, hizo zinasaidia ikiwa zimekaa sawasawa usoni. Mwenye ndevu nyingi ajue haimkai.

Dawa nazo zimebadilika mpaka nikiwaeleza hamtaniamini. Nilianza kazi mgonjwa wa pumu akichomwa sindano polepole mshipani huku moyo wake ukipiga ngoma na wangu pia. Ikaja mashine ya mvuke, moja kwa zahanati nzima, na umeme ukikatika tunatazamana. Kisha inhela zikaenea, na watu wakazitumia vibaya, wanajipulizia ulimini kama marashi kisha wanalalamika haifanyi kazi. Nikajifunza kutoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, tundu la kutosha mdomo wa inhela, mgonjwa anapumua taratibu kwenye mdomo wa chupa na dawa inashuka mpaka inakotakiwa. Nimetoboa chupa hizo nyingi sana. Fundi viatu aliyekaa nje ya zahanati alikuwa akinipashia moto msumari wake, akiniuliza kila mara ninafungua kiwanda cha nini.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka. Nimeinuka tena, nimenusa, nimerudi. Kifua changu kinawasha kidogo, ni vumbi la karatasi hizi za zamani.

Katika miaka yangu ya mwisho kazini tulipata kiangazi kibaya, nyika ikaungua siku nyingi, na tukaambiwa tuwatangazie watu wakae ndani, wafunge madirisha na milango. Ushauri mzuri. Nikautangaza kwenye benchi, nikautangaza kwa kina mama msikitini, nikapanda Chaani nikautangaza uani. Huko Chaani kijana mmoja mpakiaji alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akanishika mkono akanionyesha chumba chake. Mabati juu, hakuna dari, dirisha moja la mbao lisilofunga, na mke wake anapika kwa jiko la makaa hapo hapo mlangoni. "Sasa Sista, tufunge nini? Tukifunga, tunabaki na jiko." Nilimwambia tutaona. Niliondoka nimekasirika, nikidhani nimemkasirikia mwenye nyumba aliyempangisha. Kumbe kijana yule alikuwa amenipa jibu la swali ambalo sikuwa nimeuliza, nami sikulisikia.

Kwa dada yangu sikuwa na wasiwasi. Nyumba yetu ni ya mawe, kuta nene, milango inafunga. Na Mwanamkuu si mtu wa kubishana na ushauri wangu, maana ushauri huo ni kama wake mwenyewe. Mama alipotutoka nilikuwa na miaka minane. Mwanamkuu ndiye aliyeamka alfajiri kukanda mahamri ili mimi nisome, na moshi wa kuni wa mahamri hayo ndio nadhani uliompa pumu. Alipika mpaka nilipovaa sare nyeupe. Nilipokuja kumwonyesha sare ile alinizungusha mara mbili, akasema pindo limekwenda upande. Kwa hiyo mjue ninapomtaja, namtaja nani.

Asubuhi ile nilimwambia, "Dada, leo usitoke. Funga kila kitu." Akafunga. Akaweka hata kitambaa kibichi chini ya mlango, nilivyomfundisha.

Nilirudi baada ya alasiri, nimechoka kichwa na miguu. Kabla sijafika mlangoni ikanipokea harufu ya udi. Nikafungua, nyumba imetulia, imejaa udi na ubani, na chetezo kiko katikati ya chumba, udi unafuka juu ya makaa yake. Mwanamkuu amekaa kitandani, leso mabegani. Nje kote kulikuwa na uvundo wa majani yaliyoungua, na humu ndani mlikuwa kama nyumba ya harusi. Nilifurahi, wanangu. Naliandika neno hili na mkono unataka kulikataa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Mashallah, Mwanamkuu, nyumba yanukia!"

Nikainama, nikalitandaza buibui langu juu ya chetezo lishike harufu, nikafukiza na nywele. Dada yangu alitabasamu akanipungia mkono. Hakusema kitu. Na mimi, muuguzi wa miaka yote ile, mwenye swali langu maarufu, niliona mtu asiyesema kitu nikadhani ameridhika.

Ni pale alipotaka kuniambia chai iko wapi.

"Chai..." akasema. Akavuta. "Iko..." Akavuta tena, na mabega yakapanda mpaka masikioni.

Nilisimama wima. "Dada, taja."

"Mwanamkuu..." Macho yake yalinishika, akijua vizuri ninachouliza, kwa sababu alikuwa amenicheka mara nyingi kwa swali hilo. "Athu..."

Hakulimaliza jina la baba.

Sikumbuki nilivyofungua milango. Nakumbuka nilimtoa uani, na hata hewa ile mbaya ya uani ilikuwa afadhali. Nilichukua inhela yake chini ya mto, nikaibonyeza, haikutoa kitu. Alikuwa ameitumia kutwa nzima mpaka ikaisha, akanihurumia asinisumbue kazini. Jirani alileta tuktuk, tukampakia, na njia nzima nilimshika mgongo nikimwambia apumue, kana kwamba alikuwa amesahau.

Sista Nekesa alikuwa bado hajafunga. Alitia dawa kwenye mashine, akamvisha barakoa ya mvuke, akafungua oksijeni. Nilisimama upande wa pili, sina faida. Tulipoona mabega yameshuka kidogo, Sista aliinua uso, akanusa.

"Sista Mwanahamisi, leo unanukia kama bibi harusi. Hiyo ni moshi ya nini?"

"Si moshi, ni udi."

"Inatoka kwa makaa?"

"Ndiyo."

"Inapanda juu?"

"Ndiyo, lakini udi si..."

"Na madirisha ilikuwa imefungwa?"

Nilisikia maneno yangu mwenyewe yakinirudia. Sisi kwetu moshi ni wa jikoni na wa malori. Udi ni harufu, ni heshima, ni kumpokea mgeni na kumpamba bibi harusi. Nyumba ikinuka, mwanamke wa pwani anayejiheshimu anafukiza. Nani kati yetu amewahi kuuita moshi? Niliwaambia watu wafunge madirisha dhidi ya adui aliye nje, na nisimuulize hata mmoja anawasha nini ndani. Yule kijana wa Chaani aliniambia waziwazi kwamba wakifunga wanabaki na jiko. Nami nikaja kwangu nikamkuta dada yangu amefungiwa pamoja na chetezo, kwa amri yangu, na nikasifu.

Alihamishiwa hospitali kubwa, akakaa siku nyingi. Nililala chini ya kitanda chake juu ya mkeka. Niliogopa kiasi ambacho sikupata kuogopa kwa mgonjwa yeyote, na niliona haya kumtazama. Siku alipoweza kusema maneno matano pamoja, alinigeukia akasema, "Mimi ndimi nilofukiza. Weye ndiwe ulosifu. Tugawane." Kisha akalala. Alirudi nyumbani, alhamdulillahi, lakini hakurudi kama alivyokuwa. Mahamri hakandi tena, na kutoka chumbani mpaka uani anapumzika mara moja.

Baada ya hapo nilibadilisha maneno. Sikuanza tena na madirisha. Nilianza na, "Humo ndani mnawasha nini?" Mtashangaa wanangu. Udi, ubani, ile dawa ya mbu ya kuchoma, iliyojiviringa, jiko la makaa, mafuta ya kukaangia samaki, sigara ya babu. Siku ya moshi vyote hivyo viende likizo. Pikeni chakula cha kuchemsha, na kama ni jiko basi nje, upande upepo unakokwenda. Majivu msiyafagie yakapaa, yafuteni kwa kitambaa kibichi. Na msifunge kutwa nzima. Upepo wa bahari ukiamka na harufu ikikatika, fungueni nyumba ipumue. Mwenye chumba kisichofunga msimhubirie dirisha, mtafutieni nyumba ya ndugu au msikiti au kanisa lenye kuta, akapumzike saa zile mbaya na wanawe.

Vita vya udi havikuwa vyepesi. Bibi mmoja wa hapa hapa Jomvu alinijia juu mbele ya watu. "Tangu lini udi ukaua mtu? Sasa watukataza kunukia, wataka tunuke vundo?" Nilijaribu kumweleza habari ya mapafu, akanipungia mkono. Aliyenyamazisha mkutano ni Mwanamkuu. Alikuwa amekaa barazani, hana haraka, kwa sababu hawezi kuwa nayo.

"Nimefukiza mimi," akasema. Akapumua. "Uliza waloniokota."

Yule bibi aliketi. Siku hizi chetezo chetu kiko juu ya kabati la dada yangu, hakina makaa. Yeye hukitilia asumini kila jioni, kidogo tu, maana kuna vifua vinavyokasirikia hata ua. Wanawake wa mtaa wameiga. Baadhi yao wanasema waliianza wao.

Na kila asubuhi, mimi na yeye tuna desturi yetu. Naamka, nasimama ukumbini, naita, "Taja!" Naye kutoka chumbani kwake hujibu, "Mwanamkuu Athumani Bakari Shee, na weye ni mpumbavu." Akifika kwenye mpumbavu kwa pumzi moja, natia chai moto kwa furaha. Akikomea Bakari, natafuta inhela. Sista Nekesa, ambaye amestaafu amerudi kwao, hunipigia simu siku za kiangazi akiuliza, "Dada amefika wapi leo?"

Niliacha kuandika hapo juu nikaenda kumsikia, kwa sababu moshi umezidi na sikuweza kukaa. Nilimkuta ameketi, madirisha yamefungwa, chetezo kina asumini ya jana. Nikasema taja. Akataja mpaka Shee, akaongeza mpumbavu, kwa pumzi moja, na kidole juu. Nikacheka, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nipumzike.

Hakucheka. Alikuwa akinitazama kifuani.

"Haya. Zamu yako."

"Mimi? Mimi nina nini?"

"Siku tatu wapanda Chaani, warudi, waketi kila penye jiwe. Usiku nakusikia. Taja."

"Ni magoti, dada. Magoti yananisumbua."

"Magoti hayataji majina," akasema. "Ndoo uketi karibu, utaje."

Nikavuta pumzi kwa dharau, kama mtu anayeombwa kuhesabu moja mpaka tatu. "Mwanahamisi," nikasema, "Athumani." Hapo pumzi ikaisha. Nilidhani nimeianza vibaya. Nikaivuta tena, nikasema tena, na tena ikakatikia kwa baba. Bakari nilikuwa namwona mdomoni, na hakutoka.

Nimefanya hesabu ya moshi wa watu wote isipokuwa wangu. Miaka yote ile nikikimbia nje huku nikiwaambia wengine wakae ndani, leso mbichi puani, maziwa kabatini. Nimeogopa, sitawaficha. Dada yangu alinishika mkono, kwa ule mkono wake uliokanda mahamri, na hakuniachia mpaka jirani alipoitwa alete tuktuk.

Naandika haya nimeshavaa buibui. Halinukii kitu. Karatasi hizi nitakuja nazo mwenyewe, na mtanikuta kwenye benchi lenu pamoja na wengine. Nawajua wagonjwa wa aina yangu. Nitawasalimu kwa sauti, nitawapangia kazi, nitawaambia ni magoti, nitawaambia muanze na wale wenye watoto. Msinisikize. Niulizeni babu yangu. Anaitwa Bakari, na mkiona nimekomea kwa baba, msiningojeshe.